MAFANIKIO YA MKRISTO YAPIMWE KWA KIPIMO GANI?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Matembwe)



Katika mikutano kama hii kila mtu husimama akataja jina, mwaka aliomaliza na kazi yake. Meneja hupigiwa makofi marefu. Mwenye shamba la mipaina na nyumba za kupangisha Makambako naye hupigiwa. Yule anayelima mahindi kijijini hupigiwa mawili matatu ya adabu, akaketi upesi. Wadogo zetu wanatazama na kujifunza. Mimi sina ugomvi na mipaina, maana ndiyo inayosomesha watoto wengi wa Njombe. Nauliza tu kama Mungu naye anapima hivyo.

Huko Uganda alikuwako kijana msomi aitwaye Simeoni Nsibambi. Alitamani sana kwenda kusoma ng'ambo, asipate nafasi. Uchungu ulimkaa moyoni. Mwaka 1922, akiwa katika huzuni hiyo, alitambua kwamba uzima wa milele ni mkubwa kuliko masomo aliyoyakosa. Hakuwahi kuwa kasisi. Kazi yake ya afya aliiacha, akawa anahubiri Kampala, hasa pale kilimani Namirembe. Mwaka 1929 yeye na daktari Mwingereza, Joe Church, waliomba na kusoma Biblia pamoja. Wengi huutaja mkutano huo wanapoeleza mwanzo wa ule Uamsho ulioenea Rwanda, Uganda, Kenya na Bukoba kwetu.

Mdogo wake, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu Gahini, Rwanda. Januari 1936 alikusudia kuiuliza sinodi ya Kanisa la Uganda kwa nini Kanisa limepoa. Akaugua, akafa kabla ya kuuliza, hata miaka 30 hajafikisha. Kwa kipimo chetu cha makofi, ndugu hawa wawili wangepata nini?

Wengine watasema, "Ukaribu na Mungu hauonekani, utaupimaje?" Ni swali zuri. Watu wa Uamsho hawakuujibu kwa maneno matupu. Aliyeiba alirudisha, aliyedaiwa alilipa, waliokosana walipatana hadharani. Hawakuwa malaika, baadhi yao walijiona wao peke yao ndio waliookoka, wakawadharau wachungaji wao. Hata hivyo deni lililolipwa ni jambo linaloonekana hata na asiyesali.

Tena katika Mathayo sura ya 7 Bwana anasema juu ya watu watakaokuja na hesabu ya kazi kubwa walizofanya kwa jina lake, naye awaambie kwamba hakuwajua kamwe. Hao si walevi wa ulanzi, ndugu zangu. Ni watu wa kanisani, wenye bidii. Mimi neno hilo hunitisha kuliko mengine yote.

Msidhani nasema cheo ni dhambi. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa mtu wa Uamsho, na mwaka 1977, Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Cheo kilimkuta tayari ana Bwana wake.

Sasa ninyi wa Kidato cha Nne. Someni kwa bidii. Uvivu si utakatifu. Lakini matokeo yatakapobandikwa, wapo watakaoona sifuri mbele ya majina yao, na wengine watajificha nyumbani hata Jumapili. Nawasihi msijifiche. Njooni kanisani Jumapili ile ile. Nanyi wazee mlioko Njombe na Makambako, msingoje kualikwa: wafuateni vijana hao majumbani, mkaombe nao kabla hamjawauliza wamepata ngapi.