Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Kwenda kwa Kamba

Leo tutazungumza juu ya mtoto wa mbwa na kamba.

Labda yuko mzee anayecheka na kusema, "Mbwa wangu kazi yake ni kulinda ng'ombe na kubweka usiku. Kamba ya nini?" Mzee wangu, iko siku mbwa huyo hana budi kutoka nyumbani akiwa ameshikwa. Ni siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu duniani wameumwa na mbwa, na dalili zikisha kuonekana, ni nadra sana mtu kupona. Wataalamu wanasema kwamba tukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa huweza kukomeshwa. Lakini bwana mifugo hawezi kumchanja mbwa aliyeachwa nyumbani kwa sababu hashikiki. Tena, anayetumwa kumpeleka mara nyingi ni mtoto. Mbwa asiyejua kamba huruka, hujikaba, huuma mkono ulio karibu; na mkono huo ni wa mwanao.

Samaki mkunje angali mbichi. Anzeni mtoto wa mbwa akiwa na miezi 2.

Kwanza, mkanda. Tafuteni mkanda laini wa ngozi au wa kitambaa kigumu. Kati ya mkanda na shingo viingie vidole 2. Msifunge kitanzi kinachojikaza. Utazameni mkanda kila juma, kwa sababu shingo inakua na mkanda haukui. Mwacheni auzoee siku 2 au 3, akila na kucheza nao.

Pili, kamba. Fungeni kamba nyepesi, urefu wake kama hatua 2, aiburure uani mkimwangalia. Asiachwe peke yake, isije ikanasa.

Tatu, mwendo. Shika kamba, mwite jina lake, piga hatua chache. Akienda kando yako kamba ikiwa imelegea, msifu na kumpa kipande cha dagaa hapo hapo. Akivuta, simama kimya kama mti. Usimvute wala usimpige. Atageuka kutazama kwa nini safari imekoma; kamba ikilegea, endelea. Jambo lenyewe ni hilo tu: akivuta, hafiki; akilegeza, anafika. Ukimfuata anapovuta, umemfundisha kwamba kuvuta kunafaa.

Ninyi mnaofundisha maksai mnaelewa. Ng'ombe mchanga hafungwi jembe siku ya kwanza. Huzoea nira kwanza, akatembea kando ya maksai mzoefu. Mbwa naye ni hivyo. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zatosha, mahali pa kimya. Akisha kujua, mpelekeni njiani, kisha karibu na gulio. Ninyi mnaokaa penye machimbo ya dhahabu, kama Nyarugusu huko Geita, mna pikipiki nyingi na kelele za makarasha. Simameni mbali kwanza, msogee kidogo kidogo siku hata siku.

Siku ya chanjo, mtoto asizungushe kamba mkononi, kwa maana mbwa akishtuka atamwangusha. Mbwa mkubwa na ashikwe na mtu mzima. Simameni mbali na mbwa wengine. Wachanga wa chini ya miezi 3 nao wapelekwe. Shirika la Afya Duniani linashauri wasiachwe.

Na mtu akiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje dalili.

Sasa, maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Katika kijiji chetu, ni mbwa wangapi wanaoweza kushikwa na kupelekwa kwenye chanjo?
2. Kwa nini kumpiga mbwa anayevuta hakumfundishi kitu?
3. Nani nyumbani atashika kazi hii ya dakika 5, asubuhi na jioni?