Maji Yanaingilia Wapi? Kutafuta Mvujo wa Boti ya Mbao
Mada kwa mafundi seremala, Lugulu, Kaunti ya Bungoma



Lugulu ni mahali pa mahindi na miwa, na ziwa liko mbali. Lakini Mto Nzoia unaopita hapo Webuye unamwaga maji yake Ziwa Victoria, kule Budalang'i, ambako mafuriko yakija boti ndiyo barabara. Fundi anayejua mbao hapa anaweza kupata kazi Port Victoria au Sio Port, na huko ataletewa boti inayovuja kabla hajaagizwa kuunda mpya.

Ninalotaka mlishike ni hili: pale maji yanapoonekana ndani ya boti, mara nyingi sipo yanapoingilia. Boti za ziwani za aina ya Sese zina mkuku chini, mbao za ubavuni, mataruma kwa ndani, na pamba iliyoshindiliwa kwenye viungo. Aghalabu kiungo hufunikwa kwa ukanda wa bati. Maji yakipenya mbele hupita chini ya mataruma, hufuata mkuku, hutulia nyuma kwenye uzito wa mashine. Mwenye boti anaona dimbwi nyuma, fundi anapaka lami nyuma, na asubuhi dimbwi liko palepale. Bati linapigiliwa juu ya bati, misumari inaongezwa, na kila msumari ni tundu jipya. Huko ni kumla mvuvi pesa bila kumsaidia.

Na mvujo si jambo dogo. Tundu la upana wa sentimita 1, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 6 kwa dakika. Kwa saa moja hizo ni karibu kilo 400, uzito wa watu watano au sita ambao hakuna aliyewahesabu. Tena maji hayo hayakai mahali pamoja. Boti ikiinama, yote hukimbilia upande ulioinama na kuuzamisha zaidi.

Kabla ya kushika nyundo, muulize nahodha. Je, boti huvuja ikiwa imefungwa tu ufukoni? Basi tafuta chini, karibu na mkuku. Huvuja ikipakiwa mzigo peke yake? Kagua mbao za juu, ambazo hukaa juani siku zote na huingia majini mzigo ukizidi. Huvuja mashine ikiwaka? Nenda kwenye ubao wa nyuma unaobeba mashine, maana mtetemo hulegeza bolti. Baharini fundi huonja maji: yakiwa ya chumvi yametoka chini, yakiwa baridi ni ya mvua. Ziwani ulimi hausaidii, kwa hiyo ifunike boti kwa turubai usiku mmoja uone kama maji bado yapo.

Kisha yakumbe maji yote na uifute boti kwa matambara mpaka ikauke. Hapa pana kazi ninayoipenda kuliko zote. Chukua udongo wa mfinyanzi, ziba nafasi zilizo chini ya mataruma, ili kila sehemu kati ya taruma na taruma ijitegemee. Nyunyiza majivu makavu kwenye viungo. Irudishe boti majini, ukae kimya, utazame. Sehemu moja italowa kabla ya nyingine, na kwenye majivu utaona mstari mweusi mwembamba ukishuka kutoka kwenye kiungo au kichwa cha msumari. Ufuate mstari huo juu hadi unapoanzia, kisha utie alama kwa chaki.

Usipoona kitu, ipandishe boti nchi kavu juu ya magogo, mimina maji ndani, utazame nje panapodondoka. Kina cha kiganja kinatosha. Ukijaza sana, uzito wa maji utafungua viungo vilivyokuwa vizima. Dunga kwa ncha ya kisu pembeni mwa misumari yenye kutu. Mbao iliyooza huingia kisu bila ubishi.

Boti iliyokaa juani wiki kadhaa, usiihukumu siku hiyohiyo. Mbao zimesinyaa. Iache kwenye maji ya kina kifupi usiku kucha, zinywe maji zifure, ndipo uanze kutafuta. Anayeshindilia pamba nyingi kwenye kiungo kikavu ataona mbao zikifura na kung'oa misumari.

Kuziba kwenyewe ni kazi fupi. Chokonoa pamba ya zamani, kausha kiungo, shindilia mpya kutoka nje, jinsi mafundi wa Matondoni kule Lamu wanavyopiga kalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Ukiziba kwa nje, maji huisukuma pamba iingie ndani ya kiungo; ukiziba kwa ndani, huibandua. Kisha pakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wa kawaida, acha boti majini usiku mzima, na usiruhusu mtu yeyote akumbe maji kabla hujafika kuyapima asubuhi.