Linda Ini Unapotumia Dawa za Kifua Kikuu

Msikilizaji wa Kibiti, Bungu, Nyamisati na visiwa vya delta ya Rufiji, leo tunazungumzia ini.

Dawa za kifua kikuu huponya, na kwa kawaida humezwa miezi 6. Lakini isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zinaweza kuliumiza ini. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hilo lisikutishe. Dalili za hatari ni macho kuwa ya manjano, kutapika, kukosa hamu ya kula na maumivu chini ya mbavu za kulia. Ukiziona, wahi zahanati siku hiyohiyo.

Wengine huuliza kuhusu mitishamba ya Kichina. Wachina hutumia mmea uitwao urukususu kulikinga ini, na watafiti bado wanauchunguza. Lakini mmea wao mwingine, heshouwu, umewahi kuwaumiza watu ini. Cha asili nacho chaweza kudhuru.

Tiba asili inatambuliwa na sheria ya Tanzania ya mwaka 2002. Basi usione haya: mweleze mhudumu kila mzizi unaokunywa. Acha pombe, hata ya mnazi. Nawe unayeishi visiwani, ukiona dalili za hatari usingoje mpaka ushindwe kupanda mtumbwi.