Mtoto Asirudishwe Getini!

Ndugu wazazi, mtoto wa kabwela akifaulu mtihani wa kumaliza msingi haombi nafasi sekondari ya serikali, anapangiwa. Maombi ni ya shule za binafsi. Ninyi mnapewa fomu ya kujiunga. Isomeni mstari kwa mstari!

Ada ya shilingi 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni ilifutwa kuanzia Januari 2016. Sare na madaftari ni juu yenu, hilo halina ubishi. Lakini dawati? Mshahara wa mlinzi? Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 ulisema michango ni hiari.

Mkuu wa shule akimrudisha mtoto, msinung'unike vijiweni. Dai barua yenye muhuri, kisha nendeni kwa ofisa elimu sekondari. Nendeni kumi, si mmoja.