Kumbi za umma zirudishiwe mazungumzo



Nimetakiwa nizungumze juu ya matumizi ya kumbi za umma katika mkoa wetu wa Singida. Sitasema juu ya mapaa wala viti, ingawa viti navyo vina hadithi yake. Nataka kusema juu ya mazungumzo yenyewe: nani husema katika kumbi hizo, nani husikiliza, na watu wakiisha kutawanyika hubaki nini.

Mtu akiingia leo katika ukumbi wa umma, mara nyingi atakuta arusi au semina. Sina ugomvi na arusi. Ndizo zinazolipia umeme. Semina nazo zina kazi yake, ila mwenye kuingia semina ni yule mwenye barua. Mkulima wa alizeti kutoka Iramba, mama lishe wa sokoni, mzee aliyestaafu kazi ya reli pale Manyoni, hao barua hawana. Ngoma za asili zikiitwa, huitwa kumlaki mgeni rasmi: dakika tano, vumbi, makofi, kisha wachezaji wanaambiwa wapishe. Hakuna anayewauliza ngoma ile huchezwa lini na kwa sababu gani.

Nchi yetu imewahi kuzitumia kumbi kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1950 Dar es Salaam ilipata ukumbi wa Arnautoglu, uliojengwa kwa fedha za mkulima mmoja wa Kigiriki mwenye jina hilo. Wakoloni walikusudia uwe mahali pa burudani na madarasa ya jioni. Wananchi walicheza na kusoma humo, lakini pia wafanyakazi na wanasiasa wakakutana na kujadiliana mambo ambayo mtawala hakuyapanga. Leo mahali hapo ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ndugu wa vyuo vile tulivyo navyo sisi hapa Singida na kule Msingi. Serikali ilipovianzisha vyuo hivyo mwaka 1975, kwa ushirikiano na Sweden, mtu mzima alitarajiwa ajifunze useremala na kilimo, na wakati huo huo utamaduni wa taifa lake.

Tukumbuke pia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nguvu ya kampeni ile, kwa maoni yangu, ilikuwa katika ule ubishani. Msemaji wa redio alinyamaza, na mwanakijiji akaanza kusema.

Sasa niseme jambo linalonikera. Tunao Uwanja wa Liti, uliojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Namfua. Kila siku ya mpira jina hilo hutajwa mara nyingi. Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyeongoza watu wake kuwapinga Wajerumani katika miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Wazee husimulia kwamba nyuki walikuwa jeshi lake. Mtafiti Marguerite Jellicoe alichapisha habari za upinzani huo wa Wanyaturu mwaka 1969 katika jarida la Tanzania Notes and Records. Alichapisha kwa Kiingereza. Maneno yaliyosemwa na wazee wetu barazani yamehifadhiwa katika lugha ambayo wajukuu wao wengi hawaisomi kwa raha, na katika jarida ambalo mwanafunzi wa Ikungi hatalikuta shuleni kwake. Waliozisikia habari hizo kwa babu zao waliokuwapo wenyewe ni wazee sana sasa. Hawatatungoja.

Na Singida haina Liti peke yake. Katika Mkalama pekee, Mnyiramba, Mnyisanzu, Mdatoga na Mhadzabe huishi jirani, na lugha zao hazina asili moja. Wataalamu wa isimu husafiri kutoka mbali kuja kuzisikiliza. Sisi tulio karibu tuna ukumbi, na ukumbi umefungwa.

Pendekezo langu halihitaji fungu jipya la fedha. Jioni moja kila mwezi, siku ile ile isiyobadilika, mlango uwe wazi kwa kila mtu bila kiingilio. Msemaji apewe nusu saa, wasikilizaji wapewe saa nzima. Mzee aseme kwa Kinyaturu au Kinyiramba kama ndiko anakojiweza, na mwalimu afasiri. Wachezaji wa ngoma wakisha kucheza, wakae waulizwe. Karani aandike yote kwa Kiswahili katika daftari, na nakala ipelekwe katika maktaba ya shule iliyo jirani.

Najua baadhi yetu tutaogopa saa hiyo ya maswali. Mtu akija kuuliza habari za Liti, aweza pia kuuliza habari za kisima kilichoharibika. Na aulize. Ofisa atakayekuwapo atajibu anachokijua, na asichokijua atakwenda nacho ofisini.

Walimu wa historia mliomo humu, naomba tubaki kidogo baada ya mkutano, tuwaandike majina wazee wa kuanza nao.