Nyuso Mlangoni mwa Kiwanda
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa kusema machache juu ya ukumbusho wa wafanya kazi. Watu wengi wakisikia neno ukumbusho hufikiri sanamu ya mtu mkubwa aliyepanda farasi. Leo tunataka kutoa habari za watu wasio na sanamu, watu wa kofia na mfuko wa chakula, ambao nyuso zao zimebaki mpaka leo kwa sababu ndogo tu: walipigwa picha wakitoka kazini.

Huko Uingereza, upande wa kaskazini, katika mji wa Blackburn, walikuwako watu wawili, Sagar Mitchell na James Kenyon. Mnamo mwaka 1900 na 1901 walikwenda na mashine yao ya kupiga picha za sinema mpaka milango ya viwanda vya pamba, vya chuma, na machimbo ya makaa ya mawe. Waliisimamisha mashine mbele ya mlango, wakangoja saa ya kutoka. Mlango ukifunguliwa, watu walimiminika kama maji.

Kwa nini walifanya hivyo? Ilikuwa biashara. Sinema zile zilionyeshwa katika mji ule ule, na watu walilipa senti zao ili wajione wenyewe. Kwa hiyo mpiga picha alitaka kupata nyuso nyingi iwezekanavyo, maana kila uso ulikuwa tikiti. Hakuchagua meneja wala msimamizi. Karani, fundi, mama mfumaji, wote walipita mbele yake sawasawa.

Kila picha ni ya dakika chache tu, tena haina sauti. Lakini mtu wa kazi akizitazama huwafahamu watu wale mara moja. Yuko anayevuta kiko chake. Wako akina mama waliojifunika shali, wenye viatu vya mti. Wako vijana wanaosukumana na kufanya mzaha mbele ya mashine, na watoto wadogo pia, kwa maana siku zile mtoto wa miaka 12 aliruhusiwa kufanya kazi nusu ya siku katika kiwanda cha pamba na nusu nyingine kwenda shule. Wanacheka. Kazi imekwisha, wanakwenda nyumbani kula.

Sasa, ndugu, fanyeni hesabu. Mtoto wa miaka 12 katika mwaka 1901 alikuwa na miaka 25 vita vilipoanza mwaka 1914.

Karibu na Blackburn uko mji wa Accrington. Mwaka ule wa 1914, kiwanda kikubwa cha mashine mjini humo kilikuwa na ugomvi wa mshahara, na mafundi wengi walikuwa nje bila kazi. Vita vikatangazwa. Serikali ikawaambia watu kwamba wale watakaojiandikisha pamoja watapigana pamoja: jirani na jirani, wa kiwanda kimoja na wenziwe. Wakajiandikisha. Tarehe 1 Julai 1916, mahali paitwapo Serre katika nchi ya Ufaransa, watu wa kikosi kile wapatao 700 waliamriwa kusonga mbele. Katika hao, 584 waliuawa, au walijeruhiwa, au hawakuonekana. Siku hiyo moja jeshi lote la Uingereza lilipoteza watu 19,240 waliokufa. Na kwa kuwa waliandikwa pamoja, walikufa pamoja, na misiba ikaingia katika mitaa ile ile, nyumba kwa nyumba.

Picha zile hazionyeshi vita hata kidogo, na hiyo ndiyo thamani yake. Jina lililochongwa katika jiwe hutuambia kwamba mtu alikufa. Picha ya mlangoni hutuonyesha kwamba aliishi, alichoka, alitaniana na wenziwe.

Basi zilipotea. Katika mwaka 1994 mafundi waliokuwa wakifanya kazi katika duka la zamani pale Blackburn walikuta chini ya nyumba mapipa ya chuma yenye sinema zipatazo 800. Zingaliweza kutupwa jaani siku hiyo hiyo. Lakini zilihifadhiwa, zikasafishwa, na mwaka 2005 watu wa Uingereza walizitazama katika televisheni.

Na sisi je? Mwaka huo huo wa 1901, mwezi wa Desemba, reli yetu ilifika Kisumu. Katika wafanya kazi kama 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, karibu 2,500 walikufa. Nani anajua nyuso zao? Tena katika vita vile vile vya 1914, watu wetu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, ndiyo asili ya jina la Kariakor pale Nairobi. Serikali iliandika kwamba waliokufa ni zaidi ya 40,000, na waliochungua baadaye wanasema ni wengi kuliko hao. Majina hayakuandikwa sawasawa, na mishahara ya wengi haikufika kwa wake na watoto wao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ilikubali yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kumbe jina si heshima tu. Jina ni haki. Asiye na jina katika kitabu, mjane wake hana pa kudai.

Kwa hiyo tunaleta shauri mbele ya tawi. Kila mwaka, siku ya kazi ya kawaida, kila idara ipigwe picha: watu wa karakana, watu wa gengi, pointimani, draiva, gadi, makarani, na wafagiaji. Pasiwe na suti. Kila mtu avae nguo zake za kazi. Kila picha iandikwe jina la kila mtu, kazi yake, na kwao ni wapi. Nakala moja ikae katika ofisi ya chama, na nyingine apewe mtu aipeleke nyumbani. Siku hizi kila mmoja ana simu ya kupiga picha, lakini simu ikianguka majini, picha nazo zimekwenda, na picha isiyo na majina baada ya miaka 30 ni ya wageni.

Wengine watasema kwamba huku ni kujitabiria mabaya. Sivyo, ndugu. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Wale wa Blackburn walipigwa picha kwa furaha yao, wakaenda kujitazama wakacheka. Nasi tucheke tukipigwa. Wajukuu watakaotutazama watatuona tukiwa wazima, tumesimama pamoja.

Umoja ni nguvu.