Uso wa Mtu si Cheti cha Kipimo

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, ndugu wafadhili,

Leo tunazungumzia ugonjwa ambao wengi huuficha chini ya kofia na vilemba: ukurutu wa mafuta, kitaalamu dematitisi ya seborea. Mba za kawaida ni hali yake nyepesi. Ukizidi, magamba hutokea kichwani, kwenye nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na kifuani. Kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi mabaka huonekana yamepauka.

Ugonjwa huu hautokani na uchafu wala kurogwa, na hauambukizi. Unahusiana na fangasi wadogo waitwao malasezia, wanaoishi kwenye ngozi zetu sote na kula mafuta yake. Kwa baadhi yetu, ngozi huwasha na kutoa magamba kwa sababu yao. Tusiuchanganye na mapunye ya watoto, ambayo huambukiza na huhitaji vidonge.

Tiba ipo. Kichwani hutumika shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Iachwe dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuza. Usoni hutumika krimu ya dawa hiyohiyo. Mwasho ukizidi, mganga anaweza kuongeza haidrokotisoni hafifu kwa siku chache. Krimu kali za kujichubua tuziepuke, maana hutuliza leo na kuharibu ngozi kesho.

Ugonjwa huu hurudi. Kwa hiyo baada ya nafuu, mgonjwa aendelee kuosha kwa dawa mara moja kila wiki moja au mbili. Ndugu wafadhili, hii ndiyo sababu chupa moja haitoshi.

Jambo zito ni hili. Ukurutu mkali, unaoenea ghafla, unaweza kuwa dalili ya kinga kushuka kwa sababu ya VVU. Lakini wengi wenye ukurutu huu hawana VVU. Tukianza kunong'ona, mgonjwa atajifungia ndani, naye ndiye anayehitaji kufika kliniki mapema. Mjumbe amshauri faraghani, amsindikize kupima akiridhia, na siri ibaki siri. Akikutwa na VVU, dawa za kufubaza virusi zitamjengea kinga, na mara nyingi ngozi nayo hupata nafuu.

Tunaomba kila kamati ilijadili jambo hili katika kikao kijacho, bila kutaja jina la mtu yeyote.